Neno la Kifini Katika Nyumba ya Shangazi

Shangazi yangu alimwita mama yangu "mama" miaka minne mizima, mchana kweupe, mbele za wageni wake, na hajui. Neno hilo mdomoni kwake nililitia mie. Watu huniambia yameshapita, yule keshakufa, msamehe. Mie huwajibu ntamsamehe siku nikijisikia, na mpaka leo sijajisikia.

Tulifika Maskati mwaka 1964, mama, dada yangu na mimi. Baba tulimwacha chini ya udongo wa Unguja. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, dada kumi na mitano, na hatukuwa na pa kwenda ila Matrah, kwa dada yake baba, ambaye tukimjua kwa barua tu. Alikuwa mjane, hana mtoto, ana nyumba ya ghorofa moja nyuma ya soko, na ana nasaba. Nnasema ana nasaba kama mtu anavyosema fulani ana shamba. Kila alasiri baada ya kahawa akiisoma: binti fulani bin fulani bin fulani, anapanda nayo juu mpaka anafika kwa babu ambaye hapana aliyebaki duniani wa kumbishia.

Mama yangu alikuwa mtu wa Makunduchi, mweusi, mrefu, mtoto wa watu, aliyeolewa kwa kadhi na mahari yake akapewa mkononi. Haya nnayasema mapema kwa sababu ya yaliyokuja.

Mlangoni shangazi alitukumbatia sisi wawili, akalia, akasema damu ya kaka yake imerudi nyumbani. Mama alisimama nyuma yetu na bunda la nguo kichwani. Shangazi alipomaliza kulia akamuuliza jina lake. Mama akalitaja, na yule bibi akakunja uso, kwani lilikuwa jina la marehemu mama yake mwenyewe. Katika nyumba za wakubwa kule, mtumishi hawi na jina moja na bibi wa nyumba, awe hai awe maiti. Akija nalo huvuliwa, akapewa jingine, kwani vipi utalipigia kelele jikoni jina la mtu unayemsomea khitma? Akasema jina hilo lisitajwe tena ndani ya nyumba yake. Jingine hakumpa. Alimwita "ya mra", yaani we mwanamke, na ikawa hivyo.

Utauliza, mtumishi kwa vipi na yule ni wifi yake? Jioni ile ile alitukalisha akatueleza kwa Kiarabu, ambacho mimi na dada tulikijua kwa baba. Majirani keshawaambia kuwa mama yetu alikuwa binti wa Kiarabu wa ukoo mkubwa, kafa huko huko Unguja, na huyu tuliyekuja naye ni yaya aliyetulea. Alisema anafanya hivyo kwa ajili yetu sisi. Wasichana wawili, baba hawana, kitu hawana, na wakijulikana mama yao ni nani, nani atawaposa? Uwongo mtupu! Nasaba ya mtu kwa sharia ni ya baba, na nusu ya wakubwa wa Matrah bibi zao walikuwa weusi, na watu wakijua, na hakuna aliyewauliza. Shangazi alichokitaka ni watoto. Yeye hakuzaa, akaona wa kaka yake wameletwa mpaka mlangoni, ila kwa bahati mbaya wana mama. Basi akamuua mama kwa mdomo, akakaa yeye pahala pake. Mbele za watu tukaamriwa tumwite Ummi, yaani mama yangu.

Dada alimfasiria mama huku analia. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akafikiri kidogo, akasema, "Basi mie ntakuwa yaya. Nyinyi muolewe tu."

Mie sikulia. Nilimtizama shangazi nikamweka kiporo. Tulifunzwa tangu wadogo kuwa mkono usioweza kuukata, ubusu. Niliubusu mkono ule kila asubuhi, na kila nikiinamisha kichwa nikisema moyoni, ipo siku, bibi we.

Haukupita muda nikateleza. Walikuja wageni wa kike, wamekaa ukumbini wamezunguka, na mama akaingia na dele la kahawa. Kahawa ikamwagika ikamchoma mkono, na mie nikaropoka, "Mama!" Wageni wote wakageuka. Mama hakugeuka. Alipita mbele yangu macho chini, kabana midomo, akaendelea kumimina mkono umevimba. Shangazi akacheka akawaambia kuwa watoto waliolelewa Unguja huwaita yaya zao vyovyote, adabu itakuja taratibu. Walipoondoka alinifinya paja kwa kucha mpaka damu ikatoka. Lakini kufinywa nilikusahau kesho yake. Nisichokisahau ni kuwa usiku wake mama alikaa kunibembeleza, ananipangusa nywele, ananiambia nisirudie tena, mwanangu, nakuomba. Mama yangu ananiomba nisimwite mama. Hilo ndilo nililomwekea shangazi.

Kiswahili nacho alikipiga marufuku. Alikiita lugha ya moshi, mwisho wake mlango wa jiko.

Mwaka wa pili ukamwingia ugonjwa wa macho, ule uliokuwa umewajaa watu Maskati siku zile, wa kope kugeukia ndani na kuichoma mboni. Akapelekwa hospitali ya Wazungu iliyokuwa pale Matrah, na mie nikawa wa kumshika mkono vichochoroni. Sista wa macho alikuwa mwanamke mrefu, nywele nyeupe kama pamba, mtu wa Ufini. Kiarabu chake kilikuwa salamu na "fungua macho", basi. Lakini kabla ya kuja Maskati alikaa miaka mingi Tanganyika, na Kiswahili chake, ijapokuwa cha bara, kilikuwa kimenyooka. Aliponisikia nanung'unika peke yangu kwa Kiswahili akaruka kwa furaha. Toka siku hiyo shangazi hakuweza kuambiwa lolote juu ya macho yake isipokuwa kwa Kiswahili, likitoka kwa sista, likipita kwangu. Raha niliyoiona siwezi kuieleza. Ile lugha ya moshi alikuwa akiingojea mdomo wazi.

Tukaenda kila wiki. Shangazi akishatiwa dawa ilibidi alale kitambaa usoni, na mie nikikaa na sista mezani kwake. Siku moja nilimkuta anaandika barua. Juu kabisa palikuwa na neno ambalo herufi yake ya kwanza ilikuwa a yenye vidoti viwili kichwani. Nikamuuliza ni nini. Akasema hilo ni neno lao la mama, anamwandikia mama yake. Alilisoma polepole, "äiti", na kwa ulimi wangu likatoka "aiti".

Baba yake, akaniambia, alikuwa mwalimu wa kijijini aliyependa maneno kuliko chakula, na watoto wake aliwafunza kuwa kila neno lina ukoo. Neno hili la mama si la Wafini. Waliliazima zamani mno, kabla ya kujua kuandika, kwa watu wa kabila jingine waliokuwa jirani zao ng'ambo ya bahari, wenye lugha isiyohusiana na yao hata kwa mbali. Lugha ile iliyowapa neno imeshakufa. Vizazi vya watu wale wanasema lugha nyingine na mama wanamwita vingine. Neno limebaki kwa walioliazima, na watoto wao ndio wanaolililia wakianguka.

Nikamuuliza kwani wao wenyewe hawakuwa na mama mpaka wakaazime? Alicheka. Walikuwa nalo lao la asili, akasema, "emä", na ndugu zao wa upande wa pili wa maji mpaka leo mama wanamwita hivyo. Lakini kwa Wafini, lile la asili lilisogezwa pole pole likaenda kwa wanyama. Sasa ni la kondoo aliyezaa, ng'ombe aliyezaa, hata nguruwe. Sababu yake hakuna ajuaye. Baba yake alidhani labda waume wa Kifini walioa wanawake wa ng'ambo, watoto wakawaita mama zao kwa neno la mama zao, lakini alisema hilo ni dhana tu.

Nilikuwa nnasomewa nasaba kila alasiri, asili hii, asili ile, na hapa mtu ananambia kuwa liko taifa zima lililomweka mgeni katika kiti cha mama, na la asili likapelekwa zizini. Nilimtizama shangazi aliyelala na kitambaa usoni. Nikalirudia lile neno kimoyomoyo njia nzima, nisilidondoshe.

Sikujua bado ntalifanyia nini. Yeye mwenyewe ndiye aliyenipa nafasi, mchimba kisima huingia mwenyewe. Mke wa tajiri mmoja alikuja kumtazama, akala mkate wa kumimina wa mama, akausifu, akauliza huyu mtumishi wenu anaitwa nani. Shangazi akababaika. Ni aibu kwa bibi mkubwa kutolijua jina la mtumishi aliye naye miaka miwili, na lile la kweli hawezi kulitamka. Akanigeukia mie. "Ya binti, yaya wenu mkimwita nani kule?"

"Aiti," nikasema.

Mgeni akasema jina gani hilo, hajapata kulisikia. Nikamwambia ni jina la kizamani, la watu wa mbali, na katika hilo sikusema uwongo hata chembe. Shangazi akalijaribu mdomoni, akaliona jepesi, akapaza sauti, "Ya Aiti! Lete kahawa!"

Nilitoka mbio mpaka jikoni. "Mama, Aiti ni wewe. Itika upesi!"

"Bee!" mama akaitika, hajui hata anaitikia nini.

Nilimweleza baadaye, anaosha vikombe. Nilimpa habari yote ya Wafini, ya kuazima, ya lugha iliyokufa. Akaniuliza, na hao watu, lao wenyewe limekwenda wapi? Nikamwambia limekwenda kwa kondoo. Mama alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, kanga mdomoni asisikike, machozi yanamtoka. Sikuwa nimemuona anacheka vile tangu tutoke Unguja. "Toba! Mtoto we utatufukuzisha," akasema. Kisha akanitizama. "Hebu lisema tena." Nikalisema. Akasema, "Tena," nikalisema tena, na mara ya tatu hakuwa anacheka.

Basi likawa ndilo jina. Mimi na dada tukamwita mama yetu mama mchana kutwa, mbele ya mtu yeyote, na hakuna wa kutufinya. Na shangazi je! Aiti lete maji. Aiti nishike mkono. Aiti uko wapi, ya Aiti, mbona hunijibu? Kwa kuwa macho yalizidi kumpotea, alimwita mara nyingi kuliko sisi. Majirani wakalishika, watoto wa kichochoroni wakalishika, mpaka mchota maji akilisema mlangoni. Mie nikikaa pembeni nnatia uzi kwenye sindano, roho yangu inakula halwa. Akiianza ile bin fulani bin fulani, nikingoja tu amalize aseme, "Aiti, toa vikombe."

Dada aliposwa na mtu wa kijiji cha Ansab, akaolewa mwaka 1968. Siku ya kutolewa, mama mtu ndiye anayemfunika binti yake nguo kichwani na kumwombea. Shangazi alifanya yeye, kwa kupapasa, na wageni wote wakasema mashaallah, mama wa kulea ni mama. Mama yangu alikuwa amesimama karibu na mlango, kashika chetezo cha ubani. Dada alipofika pale alimwangukia, akamkumbatia chetezo na vyote, akalia, "Aiti, Aiti, Aiti." Wanawake wakajifuta machozi, wakasema tazama mtoto mwenye fadhila, anavyompenda yaya wake. Nilitamani niwaambie pale pale. Ulimi ulinifika kwenye meno. Lakini nilikuwa na hasira, sikuwa na wazimu, na ile ndoa mama aliinunua kwa jina lake. Nikameza.

Nikangoja. Aliye juu mngoje chini.

Mwaka 1970 nchi ikapata mfalme mpya. Redio zikasema wote walio nje warudi, na hazikupita wiki nyingi Kiswahili kikaanza kusikika Matrah waziwazi, madukani, mahakamani, kwa watu waliovaa suruali na kalamu mfukoni. Sista alikuwa keshakwenda kwao. Shangazi haoni tena kabisa, na maumivu yamebaki. Kila jua likikaribia kuzama macho yalikuwa yakimuungua kama yaliyotiwa pilipili, na mama ndiye aliyekuwa akimtia dawa, kwani mkono wake ulikuwa mwepesi. Wangu shangazi hakuuamini, na hakukosea.

Mwaka huo dada akaja kuzaa kwetu, mtoto wa kwanza, kama ilivyo ada. Akazaa mwanamme. Mama ndiye aliyempokea, akamkanda dada, akamwosha mtoto, akafua, siku sita hakulala. Siku ya saba wakaja wageni. Shangazi kakaa kitako katikati kampakata mtoto, anapokea hongera, anasema yeye ndiye bibi. Mtoto akalia. Mama akapeleka mikono kumchukua, na shangazi, aliyeisikia bangili yake, akampiga mkono kofi. Paa! Akawaambia wageni kuwa watumishi siku hizi wanajisahau, mtoto wa nasaba hashikwi ovyo. Mama akaurudisha mkono.

Wageni walipoondoka baada ya alasiri nilimchukua mtoto, nikampa dada, kisha nikarudi nikakaa mbele ya shangazi. Nilikuwa na miaka kumi na minane.

"Ammah," nikamwambia, yaani shangazi, sikumwambia Ummi. "Unajua Aiti maana yake nini?"

Akasema ni jina la kishenzi, maana yake atajua ya nini.

"Maana yake mama. Kwa lugha ya yule sista aliyekuwa akikutia dawa. Miaka minne unamwita mama yangu mama, wewe na majirani zako wote."

Na kwa kuwa alikuwa mpenda nasaba, nikampa na nasaba ya neno, sikumbakishia. Nikamwambia lilikuwa geni likakaribishwa, likakaa, wenyewe wakafa, nalo likabaki linaitikiwa. Nikamwambia na lile la asili liko wapi sasa, na wanaoitwa kwalo ni nani, na nguruwe sikumsahau. Aliugeuzia uso ukutani. Alipofungua mdomo hakuuliza kwa nini.

"Nani anajua?" akauliza.

"Sisi watatu. Na wewe."

Nikaondoka nikaenda jikoni. Alasiri yote hakumwita mtu. Jua likashuka, tukamsikia anaguna, anajigeuza, anapapasa ile chupa ya dawa na kuiangusha. Akaniita mie, nikanyamaza. Akamwita dada, na dada yuko ndani ananyonyesha. Halafu akaita, "Ya mra!" Mama akainuka. Nikasimama mlangoni.

"Nipishe," mama akasema. "Mtu mzima anaungua."

"Hujaitwa," nikamwambia. "Ngoja uitwe."

Nilidhani atanizaba kofi. Alinitizama, akautizama mkono wake uliopigwa mchana, akarudi akakaa kwenye kibao. Akakaa, wallahi. Tukasubiri. Adhana ya magharibi ikaadhiniwa ikaisha, na kule ukumbini kukawa kimya kiasi cha kumsikia anavuta pumzi. Kisha ikaja sauti, ndogo, imekauka.

"Aiti."

Mama hakuitika. Ikaja tena, safari hii ndefu kidogo. "Ya Aiti."

"Bee," mama akasema, kwa sauti ile ile ya siku zote, akajifuta mikono, akaenda.

Nilifurahi. Sitojidai kuwa roho iliniuma, au nilimwonea huruma, sikumwonea. Nilimchukua mtoto kwa dada nikacheza naye pale jikoni kama siku ya Idi, nikamwambia sikioni, leo bibi yako kaitwa na mtu anayejua anachokisema.

Mama alikawia kurudi. Aliporudi, chupa ya dawa mkononi, alisimama mlangoni. Nikamuuliza vipi.

"Kaniuliza jina langu," akasema.

"Ukamwambiaje?"

"Nimemwambia analijua. La mama yake."

Akaiweka chupa, akanipokonya mtoto, akaenda kukaa naye kwenye ngazi ya mlango wa mbele, upande wa kichochoroni, ambako watu walikuwa wanatoka msikitini.